Nakala ya Pili ya Jamhuri

Ipo nchi inayoitwa Tandabui, na kabla sijafika mbali naomba ieleweke kwamba ni nchi njema. Hewa yake ni safi, bendera yake ina rangi sita, na viongozi wake hawajawahi kukosea hata mara moja, jambo ambalo limeandikwa katika ibara ya nne ya katiba. Haya ninayoyasimulia yalimpata mtumishi mmoja wa serikali ya huko, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, jina lake Sikudhani Ngwale. Yakifanana na mambo ya nchi nyingine yoyote, basi nchi hiyo ndiyo iliyoiga.

Sikudhani alikuwa fundi wa mtandao katika Daftari Kuu. Zamani Tandabui ilikuwa na makaratasi kama nchi nyingine, mpaka siku serikali ilipoamua kwamba maendeleo hayawezi kukaa kwenye mafaili. Vyeti vya kuzaliwa, hati za viwanja, kadi za kliniki, ndoa na talaka, vyote viliingizwa kwenye kompyuta nane kubwa zilizowekwa katika chumba kimoja, ghorofa ya chini, Wizara ya Nyaya na Mawimbi. Makaratasi yenyewe yalichomwa moto uwanja wa taifa kwa siku mbili, bendi ya polisi ikipiga. Tangu hapo mtu wa Tandabui akawa ni kile kinachoonekana kwenye skrini. Sheria ilikuwa fupi na kila mtoto aliijua: asiyeonekana hayupo, na asiyekuwepo hahudumiwi.

Sheria hiyo Sikudhani aliifahamu kwa uchungu kuliko wengi, kwa sababu ya shangazi yake. Bi Mwantumu ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi akiwa darasa la pili, na sasa figo za Bi Mwantumu zilikuwa zimechoka. Kila Jumatatu na Alhamisi alikwenda Hospitali Kuu kusafishwa damu. Nesi aliandika namba yake, skrini ikageuka kijani, ndipo mashine ikawashwa. Miaka sita skrini haikukosa kugeuka kijani. Lakini Sikudhani alijua kijani kile kilikotoka, na alijua chumba kile cha ghorofa ya chini kilivyolindwa, kwa hiyo kila Jumatatu na kila Alhamisi aliisubiri rangi ile kwa hofu.

*

Mambo yalianza siku alipokuwa akipitia orodha ya walioingia kwenye mtandao. Aliona kuna mtu wa nje anajaribu mlango. Hakuwa na jina, hakuwa na anwani inayoeleweka, alikuwa akibahatisha neno la siri mara elfu tatu kwa saa. Sikudhani alimtazama siku nne mfululizo. Siku ya tano aliandika waraka wa ukurasa mmoja, kwa lugha nyepesi, akaupeleka kwa Waziri.

Waraka ulisema mambo ambayo hata muuza duka anayafanya dukani kwake bila kufundishwa. Kila mtumishi awe na neno lake la siri, asimwambie mwenzake. Kila mmoja afunguliwe vyumba anavyovihitaji kwa kazi yake, si zaidi. Matundu yaliyogunduliwa kwenye programu yazibwe kila viraka vinapotolewa. Barua pepe kutoka kwa mtu usiyemjua isifunguliwe kwa pupa. Na mwisho kabisa, jambo alilolipigia mstari chini yake: Daftari Kuu litolewe nakala, na nakala ikae mbali na jengo hili, isiyounganishwa na waya wowote.

Waziri wa Nyaya na Mawimbi, Mheshimiwa Kishindo, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya redio. Aliusoma waraka, akaona ni mzito, akaunda kamati ya watu arobaini na mmoja. Kamati ilikaa wiki tatu katika hoteli ya ziwani kwa sababu mambo ya usalama yanahitaji utulivu. Ilipomaliza, Sikudhani aliitwa ukumbini kusikiliza majibu.

Suala la neno la siri liliwakera sana. Neno la siri la Tandabui lilikuwa limepatikana kwa mashindano ya kitaifa. Mshindi alitangazwa redioni, neno likaandikwa kwa taa juu ya lango la wizara, na wanafunzi waliliimba kila asubuhi baada ya wimbo wa taifa. Mheshimiwa Kishindo alimuuliza Sikudhani, kwa upole kabisa, iwapo raia mwema anaweza kuwa na neno ambalo hataki serikali yake ilijue. Na kama yupo, analificha kwa nia gani?

Hilo la kila mtu na vyumba vyake halikuchukua muda. Waziri alikuwa na ufunguo wa kila kitu, na haikuwezekana wakurugenzi wake waonekane wadogo, kwa hiyo nao walikuwa nao. Madereva wa wakurugenzi waliona haya kuwa chini ya makarani, wakapewa. Kumnyang'anya mtu ufunguo, kamati ilisema, ni kumshusha cheo bila barua. Kuhusu viraka, mjumbe mmoja mwenye suti ya kijivu alisimama akasema kwamba anayepokea kiraka amekiri kwamba nguo imechanika. Serikali haijachanika. Wakapiga makofi.

Wakafika kwenye nakala. Mheshimiwa Kishindo alivua miwani.

"Bi Ngwale," alisema, "nchi ni moja. Wewe unataka ziwe mbili. Hiyo ya pili rais wake atakuwa nani?"

Sikudhani alijaribu kueleza kwamba nakala si nchi, ni akiba tu, kama mtu anavyochonga funguo mbili za nyumba yake. Alieleza vibaya, kwa sababu hakuzoea kusema mbele za watu. Wiki hiyohiyo Bunge likapitisha Sheria ya Jamhuri Moja: yeyote atakayekutwa na nakala ya Jamhuri, nzima au kipande, atafungwa miaka saba hadi kumi na miwili. Wabunge walimshukuru Sikudhani kwa kuwafumbua macho. Mpaka hapo, walisema, hawakujua kwamba hatari kama hiyo ipo.

*

Hakuwa mwanamke jasiri. Aliogopa mbwa wa jirani, aliogopa lifti, na akiitwa ofisini na mkubwa wake alikuwa anapitia chooni kwanza. Alichokifanya Ijumaa iliyofuata hakukifanya kwa ushujaa. Alikifanya kwa sababu alimkuta Bi Mwantumu kibarazani anachambua mchele, anaimba kwa sauti ya chini, na akaona waziwazi siku ambayo skrini itakataa.

Alitaka kunakili jina moja tu. Programu haikuwa na njia hiyo. Ilinakili vyote au iliacha vyote. Basi akachukua vyote. Watu milioni kumi na moja, waliozaliwa na waliokufa, magonjwa yao na viwanja vyao, waliingia kwenye diski yenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Akaizungushia khanga, akaiweka chini kabisa ndani ya mkoba, akatoka nayo langoni. Askari walimpekua vizuri, kwa kuwa siku zile kulikuwa na kampeni kali dhidi ya watumishi wanaoiba karatasi za chooni. Diski waliiona. Wakamuuliza kama ni karatasi ya chooni, akasema hapana, wakamruhusu apite.

Nyumbani aliificha ndani ya sufuria kubwa ya shughuli iliyokuwa juu ya kabati. Kila Ijumaa aliirudisha kazini, akaijaza upya, akatoka nayo tena. Alipungua kilo nne. Bi Mwantumu alimuuliza kama ana mchumba anayemsumbua, Sikudhani akasema ndiyo.

*

Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Mheshimiwa Kishindo alipokea barua pepe kutoka Chuo Kikuu cha Mabara Yote. Chuo hicho, ambacho hakuna aliyewahi kukisikia, kilikuwa kimeamua kumtunuku udaktari wa heshima kwa mchango wake katika usalama wa mitandao. Alichotakiwa kufanya ni kufungua kiambatisho achague rangi ya joho.

Alichagua rangi ya zambarau. Hakikutokea kitu. Akaona labda kompyuta yake ina kasoro, akamwita katibu ajaribu kwake. Hakikutokea kitu. Wakawaita wajumbe wa kamati, na kwa kuwa kila mjumbe alikuwa na ufunguo wa kila chumba, kila mmoja akafungua barua ile mezani kwake, wengine wakichagua rangi zao wenyewe wakitumaini nao watafikiriwa. Sikudhani aliposikia habari hizo kutoka kwa mhudumu wa chai, alipanda ngazi mbio. Alifika mlangoni kwa Waziri wakati skrini zote za wizara zinageuka nyeusi. Katikati yake kulikuwa na mstari mmoja: Daftari lenu tumelifunga. Ufunguo tunao sisi.

Serikali haikubabaika. Saa sita mchana redio ilitangaza kwamba mtandao wa taifa umepumzika baada ya kulitumikia taifa kwa bidii, na kwamba neno "shambulio" limeondolewa katika lugha mpaka hapo litakapohitajika. Kuhusu wale waliolifunga Daftari, Wizara iliamua kuwaandikia barua ya kuwataka wafike kituo chochote cha polisi kilicho karibu nao, wakiwa na picha mbili ndogo na barua ya mwenyekiti wa mtaa wao. Barua ilichelewa siku mbili kwa sababu printa nazo zilikuwa zimepumzika.

Wizara ya Afya ilitoa taarifa nzuri zaidi. Ilisema idadi ya wagonjwa nchini imeshuka mpaka sifuri kwa mara ya kwanza katika historia.

*

Alhamisi Sikudhani alimpeleka shangazi yake Hospitali Kuu kama kawaida. Foleni ilikuwa imetoka nje ya geti. Wodi ya figo ilikuwa wazi, mashine zilikuwepo, umeme ulikuwepo, na nesi Agripina, aliyemhudumia Bi Mwantumu miaka yote sita na kumwita bibi, alikuwepo. Mlangoni kulikuwa na askari mwenye waraka wa kukumbusha sheria. Agripina aliandika namba. Skrini ilibaki nyeusi. Aliiandika mara ya pili na ya tatu, polepole, kama kwamba kosa lilikuwa la vidole vyake.

Sikudhani alimsihi. Agripina hakumtazama usoni. Alisema kwamba mwenzake wa wodi ya watoto alimtundikia damu mtoto asiyeonekana jana, na sasa yeye mwenyewe haonekani.

Wakarudi nyumbani. Ijumaa miguu ya Bi Mwantumu ilivimba mpaka kandambili zikakataa kuingia. Siku hiyo korido ya hospitali ilipoteza watu wawili, fundi cherehani mmoja na binti wa kidato cha tatu. Ndugu zao walinyimwa vyeti vya kifo, kwa hoja kwamba mtu ambaye hayupo hawezi kuondoka. Waliambiwa wachukue mizigo yao waende.

Sikudhani alikuwa ameisikia habari ya yule binti dukani, na alirudi nyumbani bila alichokifuata. Jumamosi asubuhi alimkuta shangazi yake amekaa kitandani ameegemea ukuta, hawezi kulala chali kwa sababu pumzi haitoshi. Akapanda kiti, akaishusha sufuria, akaketi nayo miguuni pake na kumwambia kila kitu, pamoja na miaka iliyotajwa kwenye sheria.

Bi Mwantumu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema airudishe juu ya kabati. Alisema kwa vipandevipande, akivuta hewa kila baada ya maneno mawili, kwamba hakumlea ili aje afungwe kwa ajili ya kikongwe.

"Shangazi, siwezi kukutoa humu peke yako," Sikudhani akamwambia. "Nikikutoa wewe, mnatoka wote. Na nikikuacha, nimewaacha wote."

Bi Mwantumu akaitazama diski ile ndogo. Mwishowe akamwambia avae sweta, chumba kile cha mashine kina baridi.

*

Wizarani hapakuwa na mtu, kwa kuwa Jumamosi si siku ya kazi na nchi ilikuwa imepumzika rasmi. Sikudhani alichomoa kwanza nyaya zote zilizotoka nje. Akazifuta kompyuta nane moja baada ya nyingine, hata zikawa tupu kama siku zilipotoka kiwandani. Akaziba matundu yote, viraka vya miaka mitano kwa mpigo. Akafuta funguo za wakubwa, za wakurugenzi na za madereva, akaweka neno la siri refu ambalo halikuwa na maana kwa mtu yeyote. Hapo ndipo alipoichomeka diski. Aliikosea tundu mara mbili. Alijua kwamba akiwasha tu, kila atakayeuliza nchi imerudi kutoka wapi atapata jibu moja.

Akawasha. Kesho yake mchana, nchi ilikuwa imerudi. Ilikuwa ni nchi ya Ijumaa ya wiki iliyopita, kwa hiyo watoto waliozaliwa kati ya siku hiyo na Jumanne walitakiwa wazaliwe upya kwenye fomu, na wanandoa kadhaa walijikuta hawajaoana, baadhi yao wakaona ni nafasi. Lakini jioni kabla jua halijazama, Agripina aliandika namba ya Bi Mwantumu na skrini ikageuka kijani. Sikudhani alimwekea shangazi yake mto mgongoni. Damu ilipoanza kuzunguka kwenye mipira, shangazi yake alifumba macho, na baada ya muda uso wake ukarudi kuwa uso wake.

*

Jumatatu kulikuwa na sherehe. Mheshimiwa Kishindo alivishwa nishani kwa kuliamsha Daftari Kuu, na chuo cha hapohapo nchini kikampa ule udaktari, kwa kuwa joho lilikuwa limeshachaguliwa. Sikudhani aliletewa fomu ya taarifa ya kazi. Kulikuwa na nafasi iliyoandikwa: Data zimetoka wapi? Mwenzake wa meza ya pili alimnong'oneza aandike "zilikuwepo". Lakini Sikudhani alikuwa akifikiria siku ambayo mtandao ungefungwa tena, na fundi mwingine akifungua mafaili kutafuta ilifanyikaje mara ya kwanza. Akaandika ukweli, hatua kwa hatua. Alikamatwa kabla ya chakula cha mchana.

Kesi ilikuwa ngumu kwa serikali mahali pamoja tu. Wakili wake aliuliza: ikiwa nakala ile ni haramu, na Jamhuri yote iliyopo sasa imetoka ndani yake, je, Mheshimiwa Hakimu mwenyewe anakaa pale kwa uhalali gani, maana naye alitoka ndani ya sufuria? Hakimu aliahirisha shauri siku mbili. Aliporudi alitoa hukumu yenye kurasa tisini, iliyosema kwamba nakala ilipovuka kizingiti cha wizara iligusana na zulia la serikali na kuwa halisi papo hapo, hivyo nchi ni halali, hakimu ni halali, na ni Sikudhani peke yake aliyebaki upande wa pili wa kizingiti. Miaka saba.

Diski, ikiwa kielelezo namba moja, iliamriwa iharibiwe hadharani. Mheshimiwa Dakta Kishindo alipewa nyundo. Pigo la kwanza lilipata meza, la pili lilipata meza, la tatu likaipata. Siku hiyohiyo ikatoka amri kwamba mabadiliko yote aliyoyafanya mhalifu katika chumba cha ghorofa ya chini yatenguliwe, na kila ufunguo urudishwe kwa mwenyewe. Sikudhani aliisikia amri hiyo akiwa kizimbani, na hapo ndipo alipolia. Waandishi wa habari waliandika kwamba mshtakiwa alijutia.

*

Gereza la wanawake lilikuwa na bustani ya mchicha, na wiki ya tatu alipangiwa kumwagilia. Askari wa zamu, Afande Leokadia, alikuwa mwanamke mrefu asiyependa maneno. Alimsogelea karibu na bomba, akatazama huku na huku, akamuuliza kwa sauti ndogo iwapo ile diski ilikuwa peke yake. Labda kuna nyingine mahali.

Sikudhani aliendelea kumwagilia. Alishaulizwa swali hilo mara nyingi na watu wa usalama, kwa makofi na kwa soda. Alijua kwamba jibu moja lingeweza kumwongezea miaka mitano.

"Nina binti wa miaka minane," Leokadia akasema. "Ana selimundu. Kila mwezi anaongezwa damu. Jana alipopelekwa, skrini ilizima ikawaka, ikazima ikawaka. Baadaye ikakaa sawa. Nimekuuliza kwa hilo tu."

Sikudhani alifunga bomba. Alimtazama yule askari, akaona kope zimevimba, na akashindwa kujua kama ni kilio au ni kukesha zamu. Alikosa njia ya kuhakikisha kwamba hakutumwa. Akafikiri kuhusu skrini inayozima na kuwaka, na mtu asiye na jina aliyeko nje, anayejaribu mlango.

"Haipo," alisema. "Ilikuwa ile moja."

Leokadia alivua kofia. Alikaa chini kwenye ukingo wa saruji, na magwanda yake. Alikuwa ameshika daftari la zamu, la karatasi, moja ya vitu vichache nchini ambavyo serikali ilikuwa imesahau kuvichoma. Sikudhani alilitazama. Kisha akamwambia achane karatasi mbili za mwisho, zisizo na namba.

Askari alielewa, na akaikumbuka na sheria, nzima au kipande. Alitazama mnara wa mlinzi. Mlinzi alikuwa amewapa mgongo. Akachana karatasi, akazilaza juu ya goti, akatoa kalamu mfukoni.

"Nianze na nini?"

"Jina lake lote. Chini yake kundi la damu, halafu dawa na tarehe. Ukimaliza, andika ya pili ilingane na hiyo neno kwa neno. Usiiweke nyumbani kwako, impe mtu unayemwamini anayekaa mbali."

Leokadia akainama, akaanza kuandika kwa herufi kubwa, polepole, akifunika karatasi kwa mkono wa kushoto. Sikudhani alifungulia bomba tena, maji yakatoa sauti, akasimama mbele yake ili kutoka mnarani aonekane yeye tu.